Shoo ya gari haipandishi bei, inapunguza siku za kusubiri

KATIKA biashara ya magari yaliyotumika, mnunuzi hulitazama gari kwa mbele kwanza. Husoma namba ya usajili akajua kama ni namba C au namba D, kisha macho yake hupanda kwenye taa mbili na ule wavu wa plastiki ulio kati yake, ambao wauza spea huuita shoo. Ikiwa shoo imebabuka kromu, imepauka kwa jua au imevunjika ubavu mmoja, mnunuzi huanza kuwinda kasoro nyingine hata kabla hajafunguliwa mlango.

Ndiyo maana wenye magari wengi huishusha shoo na kuitengeneza wenyewe nyumbani. Wapo wanaoipaka rangi upya tu. Wapo wanaoikata na kuibadili umbo. Na wapo wanaoweka shoo na nembo za gari jingine kabisa. Kazi hizi tatu hufanyika kwenye kifaa kimoja, lakini kibiashara zina hesabu tofauti. Mfanyabiashara mdogo ambaye mtaji wake umekaa ndani ya gari moja au mawili anapaswa kuzitenganisha kabla hajashika msasa.

Tukumbuke kwamba soko hili lilikuzwa na soko huria. Mwaka 1984 serikali ya Tanzania iliruhusu wananchi wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, na katika miaka iliyofuata magari yaliyotumika kutoka Japan yakawa sehemu kubwa ya biashara hiyo. Japan huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, hivyo gari hufika na usukani upande unaotufaa. Leo gari lililotumika ni usafiri, na kwa watu wengi pia ni akiba inayoweza kuuzwa shida ikibisha hodi. Kila akiba ya namna hiyo ina swali moja gumu: itageuka fedha baada ya siku ngapi?

Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Wanadhani kupaka rangi shoo kutawaongezea bei. Mnunuzi hamlipi mtu kwa sababu shoo inang'aa. Bei ya gari inatokana na aina yake, mwaka wake, kilomita zake na hali ya injini. Kinachobadilika ni idadi ya watu watakaosimama kulitazama, na kwa hiyo idadi ya wiki gari litakazokaa bila kuuzwa.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Umenunua gari kwa shilingi milioni 12, na mtaji wako unakugharimu asilimia 18 kwa mwaka, iwe ni riba ya mkopo au faida ambayo ungeipata ukiuweka kwingine. Kwa mwaka ni shilingi 2,160,000. Gawanya kwa wiki 52, utaona kwamba kila wiki gari linapokaa yadi linakula zaidi kidogo ya shilingi 41,500, kabla hujalipa ada ya yadi na bima. Ukitumia shilingi 50,000 kwa rangi na vifaa, na gari likauzwa wiki mbili mapema kuliko ambavyo lingeuzwa, umeokoa shilingi 83,000. Bei haikupanda hata senti, lakini umepata faida. Weka namba zako mwenyewe, kanuni ni ile ile.

Kutokana na hesabu hiyo tunapata kipimo cha kazi yoyote unayotaka kuifanya mbele ya gari: je, inaongeza idadi ya wanunuzi au inaipunguza?

Kazi ya kwanza, yaani kuipaka rangi upya shoo iliyochakaa, inafaulu kipimo hicho. Tena inafaa kufanyiwa nyumbani kuliko kazi nyingine yoyote ya bodi. Mlango au boneti ukiupaka rangi, lazima ufanane kabisa na bati la jirani yake, na jicho la dalali hugundua tofauti mara moja. Shoo hutoka yote, na mara nyingi ni nyeusi, ya fedha au ya kromu, rangi ambazo hazilazimiki kulingana na bodi. Pale sehemu yake inapofuata rangi ya bodi, soma kibati kilichomo kwenye chumba cha injini. Kwa Toyota, kwa mfano, 040 ni nyeupe na 202 ni nyeusi. Muuza rangi ataijua namba hiyo.

Kazi yenyewe inataka subira. Fungua boneti, piga picha jinsi shoo ilivyoshikwa, kisha toa skrubu na klipu zake taratibu, kwa kuwa plastiki iliyopigwa jua miaka mingi huvunjika kirahisi. Geuza nyuma utafute herufi. Ukikuta ABS, plastiki hiyo hushika rangi vizuri ikitanguliwa na praima ya plastiki. Ukikuta PP, rangi itabanduka kama ganda la kitunguu usipotanguliza dawa maalumu ya kushikisha rangi kwenye plastiki ya aina hiyo. Wauza rangi wanaijua. Itaje PP na utapewa.

Osha kwa maji na sabuni hadi mafuta na nta vitoke, kausha, kisha futa kwa spiriti. Usifutie thina, maana thina kali hula ABS na kuacha uso umechafuka moja kwa moja. Sugua kwa msasa namba 400 wenye maji, malizia na 600. Palipobabuka kromu, endelea mpaka ukingo usishikwe tena na kidole, na sehemu ya kromu iliyobaki uifubaze yote, kwa sababu kromu ni laini mno na rangi haina pa kushika.

Baada ya hapo puliza praima, halafu rangi, halafu vanishi angavu ya juu, kila moja kwa mikono miwili au mitatu myembamba, ukiacha muda uliotajwa kwenye kopo kati ya mkono na mkono. Mkono mmoja mnene hutiririka, nao ndio unaoharibu kazi nyingi za nyumbani. Kwa wakazi wa pwani, msipulize siku ya mvua wala hewa inapokuwa nzito kwa unyevu, maana rangi hushika ukungu mweupe. Msipulize kwenye jua kali pia. Vaa kinga ya pua na mdomo, fanya kazi mahali pa wazi, mbali na jiko la mkaa, kwa kuwa gesi ya kopo hushika moto. Rangi zile za kuchanganya na dawa ya kukaushia waachie mafundi wenye vifaa, kwani mvuke wake una kemikali zinazodhuru mapafu. Iache shoo hadi kesho yake ndipo uirudishe, na usiipeleke kwenye mashine ya kuoshea kwa siku kadhaa.

Watakuwapo watakaosema kazi hii apewe fundi, kila mtu abaki na ujuzi wake. Hoja hiyo ina uzito. Kazi itakula jioni mbili au tatu, na kama jioni hizo dukani kwako zina thamani kuliko fedha ya fundi, basi mpe fundi. Ila mwambie aishushe shoo. Anayepulizia ikiwa juu ya gari, na gazeti limebandikwa pembeni, atakuachia vumbi la rangi kwenye bampa, kwenye vioo vya taa na kwenye mapezi ya rejeta. Mnunuzi akiyaona hayo atadhani gari liligongwa.

Kazi ya pili ni kubadili umbo: kukata mbavu za shoo na kuweka wavu wa chuma, kufunga taa za ziada ndani yake, au kuziba nafasi kwa kibati chenye maandishi. Mwenye gari lake la kutembelea ana haki ya kulipamba apendavyo. Mfanyabiashara ajue kwamba anapolipamba gari kwa ladha yake anawafukuza wenye ladha tofauti, na kundi la wanunuzi linabaki dogo.

Zaidi ya hapo kuna suala la ufundi. Shoo ni mlango wa hewa. Kupitia hapo upepo huifikia kondensa ya kiyoyozi na rejeta iliyo nyuma yake. Gari likiwa limesimama kwenye foleni wakati wa jua la mchana, feni ndiyo inayovuta hewa, nayo huivuta kupitia matundu hayo hayo. Wavu wenye matundu madogo mno au kibati cha urembo hupunguza hewa hiyo, joto hupanda, na anayeunguza gasketi ya silinda hedi atalipa mara nyingi ya thamani ya urembo wake. Katika baadhi ya magari ya miaka ya karibuni, nyuma ya nembo ya mbele kuna rada inayopima umbali wa gari lililo mbele. Ukiipaka rangi nembo hiyo au ukaibadili, unaweza kuipofusha rada. Ukishindwa kujizuia kukata, nunua shoo nyingine ya mtumba uikate hiyo, na ile ya asili uihifadhi. Gari linaloweza kurudishwa lilivyokuwa bado lina wanunuzi wote.

Kazi ya tatu ndiyo inayolitia doa soko letu, nayo ni kuugeuza uso wa gari ili lionekane lisivyo. Toyota IST ilianza kuuzwa Japan mwaka 2002, na mwaka 2005 ikabadilishwa sura ya mbele. Anayetoa shoo na bampa za mwanzo na kuweka za baadaye, halafu akanyamaza, anauza miaka ambayo gari halina. Toyota Harrier ya vizazi viwili vya kwanza iliuzwa nje ya Japan kwa jina la Lexus RX, na ile ya Japan ina nembo yake ya ndege. Kuing'oa nembo ya ndege na kubandika ya Lexus ni kazi ya dakika chache. Kudai bei ya Lexus kwa sababu ya kubandika huko ni jambo jingine. Wahenga walituonya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Waliosoma uchumi wanaifahamu makala ya George Akerlof ya mwaka 1970, "The Market for Lemons", iliyoeleza soko la magari yaliyotumika kwa mfano rahisi. Kazi hiyo ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001, pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Tuseme nusu ya magari yadi ni mazuri yenye thamani ya shilingi milioni 10, na nusu ni mabovu yenye thamani ya milioni 6. Mnunuzi asiyeweza kuyatofautisha atatoa milioni 8 kwa lolote. Mwenye gari zuri ataona anapunjwa na kuliondoa. Yatabaki mabovu, na bei itazidi kushuka.

Kila shoo ya uongo inayofungwa huongeza wasiwasi wa mnunuzi anayefuata, na gharama ya wasiwasi huo inamwangukia muuzaji mwaminifu wa yadi ya jirani. Gari lake linakaa wiki nyingi zaidi, na kila wiki tumeona inagharimu kiasi gani.

Tena udanganyifu huo haulindwi na ule usemi kwamba mnunuzi ajihadhari. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, mkataba ulioridhiwa kwa udanganyifu au kwa maelezo ya uongo unaweza kukataliwa na yule aliyedanganywa. Namba ya chasisi haibadiliki kwa rangi, na mnunuzi mwenye simu mkononi anaweza kuitafuta.

Ushauri wetu kwa wafanyabiashara wadogo ni huu. Paka rangi shoo iliyochakaa, kwa mkono wako au wa fundi, ukilenga kulirudisha gari lilivyotoka kiwandani. Piga picha kabla na baada ya kazi. Tunza risiti za praima na rangi, na uziandike daftarini, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Kama umebadili kitu, kiweke kile cha asili ndani ya buti. Mteja akifika, mwambie mwenyewe kabla hajauliza: "Shoo hii ilikuwa imebabuka, nimeipaka rangi mwezi uliopita, picha hizi hapa." Anayeambiwa jambo dogo kama hilo hupata sababu ya kukuamini unapomweleza habari za injini.

Na wewe unayenunua, anza na namba ya chasisi na kibati cha injini, ulinganishe mwaka na sura. Kama havikubaliani, uliza. Muuzaji mwenye picha na risiti atakujibu papo hapo. Asiye na jibu mwachie gari lake, aendelee kulihesabia wiki.