Gari likipinduka porini, nani alipe? Swali la wapiga kambi linalomhusu pia mfanyabiashara wa mpakani

Mgogoro wa klabu ya magari ya porini na mpiga kambi huanza kwa namna moja karibu kila mahali. Klabu imetangaza safari, imepokea ada, imechagua njia na imeonyesha mahali pa kupiga hema. Kisha gari linapinduka korongoni, au dereva anagonga hema usiku. Mpiga kambi anasema: "Nilikulipeni, nikawafuata, basi nilipeni hasara yangu." Klabu inajibu: "Uliweka saini kwamba umekuja kwa hatari yako mwenyewe, na ulijua pori si sebule."

Mfanyabiashara wa Busia, Namanga au Rusumo anaweza kudhani hayo ni mambo ya watu wenye nafasi. Lakini maneno hayo hayo yameandikwa nyuma ya stakabadhi ya mzigo wake, kwenye ukuta wa maegesho anapolaza fuso, na katika karatasi anayopewa na wakala: "Mali ni kwa hatari ya mwenyewe." Kwa hiyo jibu la ugomvi wa porini linamgusa mfukoni.

Tuanze na saini. Wengi huamini kwamba ukishatia saini umefungwa mdomo. Sivyo ilivyo daima. Mwaka 2002, katika jimbo la California nchini Marekani, binti wa miaka 14 mwenye ulemavu alizama katika bwawa la kuogelea akiwa kwenye kambi ya watoto iliyoendeshwa na Jiji la Santa Barbara. Mama yake alikuwa ametia saini fomu ya kuliondolea jiji lawama zote. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ya jimbo hilo iliamua kuwa fomu ya namna hiyo haiwezi kumkinga mwendesha kambi dhidi ya uzembe uliokithiri. Uingereza ilikwenda mbali zaidi tangu 1977: sheria yake hairuhusu mfanyabiashara kutumia mkataba au tangazo la ukutani kukwepa dhima ya kifo au majeraha yaliyotokana na uzembe wake.

Kenya nayo ina sheria ya dhima ya mwenye eneo, iliyofuata mfano wa Uingereza wa 1957. Sheria hiyo inamwachia mwenye eneo nafasi ya kupunguza wajibu wake kwa makubaliano. Hata hivyo, inasema onyo peke yake halitoshi, isipokuwa linamwezesha mgeni kuwa salama kwa kiasi cha kuridhisha. Kibao cha "Hatari" mbele ya shimo lisilo na njia ya kulizunguka hakimsaidii aliyekiweka. Tena mwenye eneo anatakiwa kutarajia kwamba watoto hawatakuwa waangalifu kama watu wazima.

Jambo la pili ni nani alikuwa na usukani wa mambo, si usukani wa gari tu. Tarehe 14 Agosti 2010, katika jangwa la Mojave, gari la mashindano ya porini yaliyoitwa California 200 liliruka tuta likawaangukia watazamaji waliokuwa wamesimama karibu na njia. Watu 8 walifariki. Hapakuwa na vizuizi kati ya magari na watu. Dereva hakufunguliwa mashtaka ya jinai. Mwanzoni idara ya serikali inayosimamia ardhi hiyo ilisema usalama wa watazamaji ulikuwa jukumu la mwandaaji. Baadaye uchunguzi wa idara yenyewe ulikiri kwamba nayo haikufuata taratibu zake za kutoa na kusimamia vibali. Mwandaaji, mwenye ardhi na dereva walikuwa kila mmoja na kipande chake cha uamuzi, na watazamaji walisimama pale ambapo hakuna aliyewazuia.

Huku kwetu shughuli za namna hii zipo. Rhino Charge ya Kenya, iliyoanza 1989 kuchangisha fedha za uhifadhi, hukusanya madereva wa porini na watu wanaopiga kambi pamoja. Kadiri watu wanavyovuka mipaka ya Jumuiya kwa matembezi, ndivyo swali la dhima linavyovuka nao.

Hapo ndipo bima inapoingia. Sheria za bima ya lazima za Kenya, Tanzania na Uganda zimejengwa juu ya matumizi ya gari barabarani. Gari likiwa kwenye mchanga wa mto au kichakani, kampuni ya bima inaweza kuuliza kama hapo ni barabara. Bima nyingi pia huondoa mashindano. Mfanyabiashara asicheke: lori linalokwepa kituo cha forodha na kupita njia za panya linajiweka katika swali hilo hilo. Akiokoa ushuru wa siku moja anaweza kupoteza gari, mzigo na haki ya kudai.

Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania imeendelea kuitumia ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000, ni msaada mkubwa kwa anayevuka mpaka. Hulipia dhima kwa mtu wa tatu katika nchi uliyoingia, pamoja na matibabu ya dharura. Lakini haiponyi gari lako, wala haifidii mahindi, vitenge au dagaa waliomwagika. Kwa hayo unahitaji bima kubwa ya gari na bima ya mizigo safarini.

Mpiga kambi naye si malaika. Aliyeonywa asipige hema kwenye njia ya magari akapiga, au aliyeendesha amelewa, hubeba sehemu yake. Mahakama zetu hugawa lawama kwa asilimia. Hasara ikiwa shilingi 1,000,000 na mdai akaonekana kuchangia asilimia 30, atapata 700,000.

Kwa maoni yetu, mzigo mkubwa umwangukie aliyepokea fedha na kuchagua njia, kwa kuwa ndiye aliyejua korongo liko wapi. Kigezo hicho kinamfaa pia mwenye maegesho aliyepokea ada ya ulinzi na wakala aliyeshika mzigo. Atakayekataa dhima yote apaswe kuonyesha alichofanya kuzuia hasara, si kibao alichobandika.

Ugumu uliobaki ni wa mipaka. Nchi za Jumuiya hazina sheria moja ya dhima. Kwa kawaida ajali iliyotokea Tanzania itapimwa kwa sheria ya Tanzania, hata kama mdai ametoka Eldoret. Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha hutafsiri Mkataba wa Jumuiya. Haikuundwa kuamua ugomvi wa mtu na klabu, wala wa mchuuzi na mwenye ghala. Wabunge wa Jumuiya wangefanya jambo la maana kuanza na kanuni moja tu: kwamba maneno "kwa hatari ya mwenyewe" hayamkingi mzembe katika nchi yoyote mwanachama.

Mpaka hapo, wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Soma karatasi kabla ya kutia saini. Uliza ni nani anayeshika mzigo kati ya geti na geti, na jina lake liandikwe. Piga picha ya mzigo kabla haujaondoka mikononi mwako. Hakikisha stakabadhi inataja huduma uliyolipia: kama ni ulinzi, iandikwe ulinzi, kwa sababu siku ya madai ndilo neno litakalosomwa kwanza.