Waje Kupima Alfajiri

Ndugu wafanyakazi, wakubwa wetu wasema hewa ya Nakuru ni safi. Walikuja kuipima saa nane mchana! Saa hiyo jua limekwisha kuipasha ardhi, hewa inapanda, na upepo wafagia moshi wote. Waje saa kumi na moja alfajiri, ndipo tuzungumze.

Mji wetu umo katika Bonde la Ufa, chini ya Menengai. Usiku usio na mawingu, baridi hushuka bondeni, na hewa ya joto huikalia juu kama kifuniko cha sufuria. Moshi wa dizeli, wa makaa na wa takataka hubaki chini, puani mwetu sisi wa zamu ya usiku. (Wakubwa wakati huo wamelala, madirisha yamefungwa.)

Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza ya kuwa moshi wa dizeli huleta saratani ya mapafu. Basi kwa nini injini zinaachwa zikinguruma usiku kucha karakanani, wala hazivuti hata behewa moja? Twataka zizimwe. Twataka kipimo kisomwe usiku na mchana, na hesabu yake ibandikwe ukutani tuisome wenyewe.

Barua ya madai iko tayari ofisini. Atokaye zamu apite aweke sahihi kabla ya kwenda kulala.