Gari bovu uani: toa vitasa kabla mtoto hajajifungia

Wazazi wenzangu, ya wiki hii yalitokea nyumbani kwangu mwenyewe, Kasingirima. Nayaandika ili yasitokee kwako.

Shemeji yangu alipohamia Dar es Salaam alituachia gari lake dogo, injini imekufa. Likawekwa chini ya mwembe kusubiri spea. Mwaka ukapita, wa pili ukaingia. Ufunguo ulipotea, betri ikauzwa, na watoto wakaligeuza daladala. Mmoja dereva, mwingine konda anaita "Mwanga, Mwanga!", na sisi wakubwa tunacheka. Ukishajua mtoto yuko uani, moyo unatulia.

Jumamosi moja, saa tisa alasiri, wakubwa waliitwa madrasa. Walikuwa na mchezo wa kubonyeza loki za milango yote kama madereva wa kweli. Wakatokea mlango wa mbele, wakaubamiza, wakakimbia. Mdogo wao wa miaka minne alikuwa amesinzia kiti cha nyuma. Bibi yao, aliyekuwa anaanua dagaa, ndiye aliyesikia kioo kikigongwa.

Mtoto alikuwa anavuta mkono wa mlango na mlango haufunguki. Milango ya nyuma ya magari mengi ina loki ya watoto, kijiti kidogo pembeni mwa mlango. Kikiwekwa, mlango haufunguki kwa ndani hata ukivutwa mpaka kesho. Vioo vilikuwa vya umeme, na bila betri havishuki. Milango ya mbele ingefunguka kwa ndani kama loki ingeinuliwa kwanza, lakini mtoto anayelia hajui hilo.

Tulipoteza dakika nyingi. Mmoja anatafuta ufunguo, mwingine anakunja waya, mwingine anasema tumpigie shemeji kwanza maana gari ni la watu. Jirani yetu seremala hakuuliza. Alichukua nyundo, akaenda kioo cha mbele kilicho mbali na mtoto, akapiga kwenye kona. Pigo la pili kikamwagika chembechembe. Akaingiza mkono, akafungua.

Mtoto alitoka ameloa jasho, uso mwekundu, hana nguvu. Tulimweka kivulini, tukamvua nguo, tukammwagia maji na kumpepea, kisha mbio kituo cha afya. Alhamdulillah, yuko salama.

Jueni jambo hili. Vipimo vilivyochapishwa Marekani mwaka 2005 vilionyesha kwamba ndani ya gari lililofungwa juani joto hupanda kwa wastani wa nyuzi 22 za Selsiasi kwa saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo huja katika nusu saa ya kwanza. Kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii sana. Mwili wa mtoto nao hupata joto haraka mara tatu hadi tano kuliko wa mtu mzima. Kivuli cha mwembe msikitegemee, maana kinahama na jua.

Kwa hiyo mtoto akifungiwa, jaribu milango yote mara moja. Ikigoma, vunja kioo cha pembeni kilicho mbali naye. Usipige kioo kikubwa cha mbele, kile kina utando katikati na hakimwagiki. Mwenzako apige 114, Zimamoto na Uokoaji, lakini wewe usikae kuwasubiri. Mtoto akiwa hajitambui, usimnyweshe kitu.

Jumatatu nilimwita fundi. Nilidhani bila ufunguo hawezi kutoa vitasa. Alicheka: "Mama, ufunguo ni wa kuingilia. Mlango ukiwa wazi, kitasa kinatolewa kwa bisibisi."

Alifungua skrubu iliyojificha nyuma ya mkono wa ndani na zile za pa kuegemezea mkono, akabandua kava la mlango, akafunua nailoni. Akachomoa vijiti vinavyounganisha mikono na kitasa, kisha akafungua skrubu tatu za pembeni mwa mlango. Kitasa kikatoka kwa ndani. Akafanya hivyo milango yote minne, na cha buti pia, kwa sababu mtoto akijificha kwenye buti hana pa kushika.

Kama kazi hiyo ni kubwa kwako, kuna njia nyepesi: fungua kile chuma kwenye nguzo ya bodi ambacho kitasa hukikamata. Kwa kawaida kina skrubu mbili, na kisipokuwepo mlango haujifungi. Ila msije mkafunga milango kwa kamba kwa nje. Hapo mtakuwa mmerudisha kitasa kwa mkono wenu.

Jambo hili si geni. Marekani watoto walikuwa wakifia ndani ya mafriji yaliyotupwa, mpaka mwaka 1956 ikapitishwa sheria kwamba friji lazima lifunguke kwa ndani. Kwa hiyo na friji bovu lililogeuzwa kabati, lile lenye komeo la nje, litazameni pia.

Shemeji nilimpigia jioni ile ya Jumamosi nikiwa na hofu. Nikamwambia, shemeji, tumevunja kioo cha gari lako. Akauliza, "Mtoto yuko wapi?" Nikamjibu amelala. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi vunjeni na vingine mkitaka."

Vitasa vyake viko kabatini, kila kimoja kwenye mfuko na skrubu zake. Siku injini ikija, vitarudishwa. Wewe uliye na gari bovu uani, usingoje spea. Jioni hii lizunguke, fungua kila mlango, kisha jiulize kama mwanao angeweza kutoka peke yake.