Msaada wa Sheria Umfikie Mpangaji Kabla ya Kufungiwa Mlango

Katika Kariakoo leo kiwanja kina thamani kuliko nyumba iliyojengwa juu yake. Palipokuwa na nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na ukumbi katikati, sasa limesimama ghorofa la maduka. Hatupingi maendeleo hayo. Lakini kila nyumba ya zamani inapobomolewa, wapo watu wanaotakiwa kuhama, na wengi wao huhama bila kujua kwamba walikuwa na haki ya kusikilizwa.

Suala la mpangaji si geni katika siasa ya nchi yetu. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 Serikali iliyataifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaingia katika Shirika la Nyumba la Taifa. Sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba ilikuwa na mabaraza yake, na mwenye nyumba hakuweza kumtoa mpangaji bila amri. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005.

Tuseme kweli: sheria ile ilikuwa na kasoro. Kodi ya kwenye karatasi ilikuwa moja na kilemba cha pembeni kikawa kingine. Hatuombi irudishwe kama ilivyokuwa. Lakini ilipoondoka, mpangaji alipoteza mlango mmoja aliojua kuubisha.

Sheria za kumlinda bado zipo. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema kwamba, mapatano yasipotaja muda wala notisi, notisi isipungue kile kipindi ambacho kodi hulipiwa. Mgogoro wa pango hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako mwenyekiti hukaa na wazee wa baraza, na mtu aweza kujisemea mwenyewe, au kusemewa na wakili au jamaa yake. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama.

Basi tatizo liko wapi? Liko katika siku chache zilizopo kati ya notisi na kufuli. Mpangaji wa chumba, au wa fremu ya duka, ana mapatano ya mdomo na hana stakabadhi hata moja. Dalali anamwambia atoke kabla ya Ijumaa. Anakwenda kwa balozi, kutoka hapo ofisi ya serikali ya mtaa, kisha kituo cha polisi, ambako anaambiwa kuwa shauri lake ni la madai. Atakapoelekezwa kwenye Baraza, ambako angeweza kuomba zuio, vyombo vyake vimekwisha kuwekwa barabarani. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanaofanya biashara Kariakoo wana mzigo wa pili. Ardhi si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria zake za ardhi, na tangu 2018 ina sheria yake ya msaada wa kisheria. Lakini aliyepanga Mtaa wa Kongo hufuata sheria za Bara. Kujua taratibu za kwao hakumtoshi.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na inataka asiye na uwezo asaidiwe bila malipo. Kampeni ya Mama Samia, iliyoanza mwaka 2023, imewafikia wananchi mikoani. Tunaipongeza. Hata hivyo kampeni huja na kupita, ilhali notisi haina msimu.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, katika kata za Kariakoo, Gerezani, Jangwani na Mchikichini, kila ofisi ya serikali ya mtaa iwe na siku ijulikanayo ya msaidizi wa kisheria kukaa na wananchi. Pili, notisi yoyote ya kumtoa mpangaji ipelekwe nakala katika ofisi hiyo, ili msaidizi apate habari mapema. Tatu, Halmashauri ya Jiji itoe mfano wa mkataba mfupi wa Kiswahili, na wenye nyumba wahimizwe kutoa stakabadhi.

Utaratibu huu haumwonei mwenye nyumba. Mjane anayeishi kwa kodi ya vyumba viwili naye huteswa na mpangaji asiyelipa wala asiyetoka. Naye anahitaji shauri lake liamuliwe upesi, kwa karatasi badala ya mabavu.

Wenye madaraka tunawakumbusha jambo moja. Azimio la Zanzibar la 1991 lililegeza masharti ya Arusha, na kiongozi wa leo aweza kuwa mwenye nyumba. Ruhusa hiyo imempa wajibu pia. Asiwe yeye wa kwanza kutuma mabaunsa mlangoni kwa mtu, bali awe wa kwanza kutoa mkataba, stakabadhi na notisi halali. Akifanya hivyo, atakuwa na uso wa kuwataka wengine wafanye hivyo hivyo.