Draiva Ikae Ndani au Ipakiwe?
Wabishi wa Linux hawachoki: draiva ijengwe ndani ya kerneli (kiini cha mfumo), au iwe moduli inayopakiwa ikihitajika? Mimi niko upande wa moduli. Chomeka adapta ya Wi-Fi, andika amri ya lsmod, na jina la draiva yake limo kwenye orodha ya moduli zilizopakiwa. Kompyuta haikuzimwa, wala kumbukumbu haikubebeshwa draiva za vifaa usivyonavyo. Kasheshe ni draiva ya diski yenyewe. Moduli yake ikihifadhiwa kwenye diski hiyohiyo, itasomwaje? Ni kufungia ufunguo ndani ya nyumba. Ndiyo maana ipo initramfs, kifurushi kidogo kinachopakiwa pamoja na kerneli kikiwa na moduli zinazohitajika mwanzoni. Ila anayedhani moduli ni salama zaidi anajidanganya: ikishapakiwa inakaa ndani ya kerneli ileile, na ikikosea inaweza kuiangusha mashine nzima.