Udaktari Ubaki Shuleni
Wiki hii hapa Galbet, mjini Garissa, nilimkuta mwalimu mkuu kivulini baada ya alasiri, akisahihisha tasnifu yake ya uzamivu katika uongozi wa elimu, kurasa amezigandamiza kwa jiwe zisipeperuke. Nilifurahi mno. Huku kuongoza shule ni kazi ya moyo: Aprili 2015 watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa, na mwaka 2020 Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kwa sababu ya usalama, madarasa yakabaki na watoto bila walimu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini shahada hizi za uzamivu zimekuwa tiketi ya kuhamia Nairobi, na kuhama huko ni kutupora. Serikali impandishe mwalimu kama huyu cheo na mshahara akiwa papa hapa, shuleni kwake.