Mkutubi si Mshika Ufunguo

Hapa Githongo ukivaa koti jeupe usimame nyuma ya kaunta ya duka la dawa, tayari wewe ni daktari. Hakuna anayeuliza ulisomea wapi. Ukishika mizani pale senta ya majani chai, wewe ni karani, na wakulima watakusalimia kwa adabu kwa sababu kilo zao ziko mikononi mwako. Lakini soma mambo ya maktaba miaka minne, pata digrii, kisha urudi nyumbani. Utaitwa "yule wa vitabu".

Kuna watu husema ati jina si hoja, hoja ni kazi. Mimi nakataa. Jina ndilo linaandikwa kwenye barua ya ajira. Barua inaamua daraja, daraja linaamua mshahara, na pia linaamua kama utaitwa mkutanoni ama utaambiwa tu vile wengine wameshaamua. Chukua mtu aliyeajiriwa na cheti kama "msaidizi wa maktaba". Anarudi shule jioni na wikendi, anapata diploma, anapata digrii. Barua bado inasema msaidizi. Nafasi ya juu ikitangazwa, wanataka aliyekuwa afisa kwa miaka kadhaa. Kazi ya afisa ameifanya hiyo miaka yote, lakini karatasi haimjui.

Shuleni ndiko mambo yameharibika kabisa. Tangu 2018, serikali ilipoanza kupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni, mtu wa maktaba amekuwa mtu wa stoo. Anagonga muhuri, anahesabu, mwisho wa muhula anafukuzana na waliopoteza. Na mara nyingi hata si mkutubi. Ni mwalimu wa Kiswahili aliyeongezewa ufunguo juu ya vipindi vyake, ama kijana aliyemaliza kidato cha nne na bodi ya shule inamlipa kidogo. Sina shida na hao. Shida ni kwamba wote wanabeba jina moja na aliyesomea. Mwalimu mkuu akishazoea kwamba hiyo ni kazi ya yeyote mwenye ufunguo, kwa nini amlipe mwenye digrii?

Vyuo vilijaribu kuwapandisha hadhi kwa jina jipya. Chuo Kikuu cha Moi kilianzisha kitivo cha sayansi ya habari 1988, na maktaba iko humo ndani. Sawa, lakini hebu mwambie shosho umesomea sayansi ya habari. Atakuuliza utaanza lini kusoma taarifa ya saa moja. Serikalini nako "afisa habari" ni yule anayempiga gavana picha akizindua barabara. Na neno letu lilikuwepo wakati wote: mkutubi, ndugu ya maktaba na kitabu. Sijui nani aliamua libaki la mitihani tu.

Lakini pia jina bila sheria ni kubadilisha shati. Angalia hospitali. Wale wa rekodi za wagonjwa, ambao sisi bado tunawaita watu wa faili, walipata sheria yao 2016. Wana bodi, na lazima usajiliwe ndiyo ufanye hiyo kazi. Kama wa faili wamelindwa, wa maktaba je? Wana chama, Kenya Library Association, lakini chama si leseni. Na fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, pale kazi za kaunti zimeorodheshwa. Maktaba ziko kikapu kimoja na kamari, kasino, leseni za pombe na maonyesho ya video. Si ati natania, kasome.

Najua mtu ataniuliza, na wewe uliyeacha chuo ndiye unatetea vyeti? Ndiyo, mimi. Hakuna anayeumia nikiitwa "huyo wa TikTok". Lakini kabla niache, mkutubi wa chuo alikaa na mimi saa moja akinionyesha jinsi ya kujua makala imetoka wapi, nani ameiandika na nani amelipia. Somo hilo ndilo natumia hadi leo kabla sijaposti kitu. Mtoto wa hapa anayeambiwa na mwalimu "enda utafute mwenyewe" anahitaji mtu kama huyo, si mtu wa kumkumbusha arudishe kitabu kabla ya saa kumi.

Kwa hivyo bodi za shule zetu, tangazo lijalo andikeni mkutubi, na chini yake mwandike lazima awe amesomea nini. Kaunti nayo iangalie wale wasaidizi wenye digrii, ibadilishe barua zao kabla wastaafu. Na kama pesa ya shule inatosha tu mtu wa kuhesabu vitabu, mwajirini huyo, lakini mwiteni karani wa vitabu. Ni kazi halali.